Chesisi ya Land Rover juu ya Hilux: Karatu hadi Moshi

Jumatano, Moshi

Mzee wa Karatu kanipigia tena asubuhi. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamerudi shambani kwake na mizani yao, na safari hii wamekuja na mitungi ya gesi. Wanataka kuikata ile Land Rover palepale ilipo, waipime kwa kilo, waondoke. Amewaambia gari lina mwenyewe. "Lakini mwanangu, usipokuja wiki hii, hawa vijana wangu watauza. Wao wanaona limewazibia njia ya trekta."

Basi safari niliyoipangia mwezi ujao inaanza kesho.

Kisa chenyewe ni hiki. Hapa nyumbani tuna Land Rover Series IIA, ile ndefu ya inchi 109. Bodi yake nzima, chesisi yake imekwisha. Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haishiki kutu. Chesisi, fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma. Gari letu lilikaa miaka mingi Tanga, na hewa ya bahari imekila chuma kile kutokea ndani. Fundi alipougonga mhimili wa nyuma, nyundo ikazama. Chesisi mpya za magari haya bado zinatengenezwa Uingereza, ila nauli ya meli na ushuru wa bandarini ni hesabu nisiyoiweza. Hii ya Karatu imekaa juu, penye baridi na hewa kavu, mbali na chumvi. Nimeitafuta ya namna hii kwa muda mrefu, na sitakubali ikayeyushwe iwe nondo.

Leo nimeshinda na Hilux. Ni ya kabini moja, na bodi yake ya mzigo haifiki mita mbili na nusu. Chesisi ya 109 inazidi mita nne; kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma tu, ndizo hizo inchi 109, ni sentimita 277. Mchomeleaji wa Njoro ametengeneza goli la bomba za pembe nne, limefungwa kwa bolti sakafuni nyuma ya kabini, na limepita paa kwa shibiri moja na nusu. Chesisi italala juu ya goli hilo, mbele ikipita juu ya paa, nyuma ikishukia kwenye mlango wa bodi. Nimeongeza upepo tairi za nyuma, nimebadilisha pedi za breki za mbele. Mzigo: mbao, magunia, tyubu kuukuu za tairi za lori, mikanda ya kufungia, kamba, turubai, dumu la dizeli ya kulainishia nati, na kitambaa chekundu.

Alhamisi, kupanda

Barabara ya Moshi hadi Arusha sitaieleza, anayesoma hapa anaijua. Fundi nilimpitia Unga Limited pamoja na kijana wake na cheni bloku yao ya kunyanyulia vizito, tukakaa watatu kabini, magoti yamebanana na gia.

Hatujafika Kisongo Fundi akaanza: "Kaka, ile chesisi tunaikata katikati. Vipande viwili vinaingia kwenye bodi, tunafunga turubai, hata trafiki hatuulizi. Keshokutwa naiunga."

Si maneno ya mtu asiyejua kazi. Arusha wanakata na kuunga chesisi kila wiki. Land Cruiser nyingi za watalii unazoziona zikienda Serengeti zimerefushwa kwenye gereji za mji huu. Ndiyo maana nilimjibu kwa utaratibu. Land Cruiser ikirefushwa, chesisi inafungwa kwanza kwenye fremu isiyocheza, kinachoongezwa ni chuma kipya kinene, na vipimo vinachukuliwa kabla na baada. Sisi tungekuwa tunakata kwa gesi, chini ya mti, chuma chenye umri wa zaidi ya nusu karne, ili tu kitoshee kwenye pikapu. Fundi akanyamaza, ila nilijua hajashawishika.

Mto wa Mbu tulisimama kununua ndizi nyekundu na kupoza injini. Kisha mlima. Kupanda ukingo wa Bonde la Ufa na gari tupu ni raha, ziwa Manyara linatandazika chini upande wa kushoto, lami nzuri iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya mwanzo ya 2000. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kona. Kila kona niliipima upana, kwa sababu nitashuka nayo na chuma cha mita nne kichwani.

Karatu tumefika jua linazama. Mwezi wa saba huku ni baridi ya koti. Mzee ametupokea mlangoni mwenyewe, na mama amekwisha kuandaa ugali na maziwa mgando. Gari tutaliangalia kesho.

Ijumaa, shambani

Lipo nyuma ya ghala, limezama kwenye majani hadi kwenye rimu. Taa za mbele bado zipo katikati karibu na grili, hazijahamia kwenye mabawa, kwa hiyo limetoka kiwandani kabla ya mwaka 1969. Paa limebonyea, lilipinduka zamani. Injini ilishauzwa. Ndani, giaboksi bado imesimama na vijiti vyake, kirungu cha njano cha kuingiza ekseli ya mbele na kirungu chekundu cha gia nzito, rangi zote mbili zinaonekana ukifuta vumbi kwa kidole gumba.

Kwa kuwa lilipinduka, jambo la kwanza ni kujua kama chesisi imenyooka. Tulikata majani, tukalala chini. Fundi akagonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele kwenda nyuma, sentimita kumi kumi. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinajibu kwa sauti nzito, fupi. Kila penye shaka akachoma kwa bisibisi. Imelia safari nzima, isipokuwa sehemu mbili kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, na hizo ni ndogo, zinabadilishika. Kisha uzi. Unafunga uzi kutoka tundu la springi ya mbele kushoto hadi tundu la springi ya nyuma kulia, unaweka alama; unarudia upande wa pili. Nyuzi mbili zikilingana, chesisi haijapinda kuwa msambamba. Zililingana, tofauti yake haikufika milimita tatu. Nilimpa Fundi uzi aupime mwenyewe.

Halafu namba. Imegongwa kwenye mkono wa springi ya mbele, upande wa kulia, na hapo palikuwa na tabaka la matope na oili iliyoganda gumu. Nikakwangua kwa kisu, nikapiga brashi ya waya, nikafuta na dizeli. Macho hayakuona kitu. Nikachukua chaki nyeupe ya watoto wa mzee, nikaisugua kwa ubapa, nikapangusa juu juu kwa kiganja. Chaki ikabaki kwenye mikwaruzo, na tarakimu zikajitokeza moja baada ya nyingine. Mzee akaingia ndani akatoka na kadi ya gari iliyokunjwa ndani ya Biblia. Namba ni ileile. Nadhani hapo ndipo mzee alipoamini kwamba sikuja kununua chuma.

Tukiwa chini pale nilimwonyesha Fundi mishono ya kingo. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, bati la chuma linatolewa kwa mgao, ndiyo maana Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover waliivisha aluminiamu. Mashine kubwa za kukandamiza chesisi nazo hawakuwa na fedha zake. Wakachukua bati zito, wakalikata vipande virefu, wakavichomelea kingo zote nne vikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Hii ya kwetu ni ya miaka ya 1960, lakini ni ukoo uleule. Nguvu yake yote imo kwenye boksi kuwa zima. Unene wa bati ni kama milimita 2 tu. Ukiikata na kuiunga, moto unachoma kinga ya upande wa ndani, na ndani mkono wa kupaka rangi haufiki. Kutu itaanzia kwenye mshono huo, na hutaiona mpaka siku gari litakapokunjika.

Fundi alipitisha kidole kwenye mshono kwa muda. "Sawa," akasema. "Inakwenda nzima."

Kazi ya kufungua imekula siku yote. Bodi iliyobonyea tuliitoa kwa vipande, na mabawa mawili ya mbele yasiyo na kosa nimeyaweka pembeni. Nati za springi zilikuwa zimeshikana kama zimezaliwa pamoja. Tukazimwagia dizeli, tukaenda kunywa chai, tukarudi, tukazipasha moto kidogo kidogo, ndipo zikakubali. Zile bolti za umbo la U tulizikata kwa msumeno bila kusita, maana mpya zipo madukani Arusha. Giaboksi ikatoka kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye tawi la mgrevilea. Kijana wa Fundi alitaka kuingia chini kuisukuma, Fundi akamkamata kola: "Mzigo ukiwa juu, wewe kaa nje."

Saa tisa wale wa vyuma chakavu wakaja. Vijana wawili, wapole, wana pikipiki ya magurudumu matatu. Sina ugomvi nao, wanatafuta riziki. Mmoja aliuliza nimelipa kiasi gani, nikamwambia, akashangaa: kwa kilo isingefika hata nusu. Niliwaomba jambo moja, wakikuta Land Rover nyingine nzima kwenye mashamba haya, wanipigie kabla ya kuwasha gesi, nitawapa chao. Namba yangu wameichukua. Mashamba ya Karatu, Mbulu na Monduli bado yana magari haya nyuma ya maghala, na kila mwaka yanapungua kwa mtungi wa gesi. Fundi anasema tangu tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, wateja wanaoulizia spea za zamani wameongezeka gerejini kwake. Wenye mashamba wengi hawajui hilo.

Jioni tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji kuandikiana hati ya mauziano. Namba ya chesisi, namba ya gari, majina, mashahidi wawili, mhuri. Kusafirisha chesisi yenye namba bila karatasi ni kujitafutia kulala kituoni.

Jumamosi, kupakia na kushuka

Kila kizito kinakwenda chini na mbele. Hiyo ndiyo kanuni ya pikapu ndogo, na tuliifuata bila mjadala. Giaboksi pamoja na transifa yake, boksi la pili linalogawa nguvu kwenye ekseli, imekaa sakafuni, imebanana na ukuta wa kabini, chini yake mbao na tairi kuukuu. Ekseli mbili zimelala kwa urefu wa bodi, kila moja difu yake, lile boksi la gia la kwenye ekseli, imeelekea upande tofauti ili zisigombane. Difu ni kichwa kizito. Zikielekea upande mmoja gari linainama. Kati ya chuma na chuma tumeweka magunia. Springi zimejaza mapengo. Uzito huu wa chini ndio utakaoishika Hilux barabarani, kwa sababu chesisi itakuwa juu.

Chesisi yenyewe tuliinyanyua watu wanane, majirani wa mzee. Walihesabu kwa Kiiraqw, sikuelewa neno ila nilijua wakati wa kunyanyua. Ncha moja ikapanda kwenye goli, tukaisukuma taratibu juu ya bomba lililovikwa tyubu mpaka ikapita juu ya paa la kabini, bila kuvuka boneti. Nyuma ilizidi mlango wa bodi kwa hatua moja ndogo. Hapo ndipo kilipofungwa kitambaa chekundu.

Kufunga kulichukua muda kuliko kupakia. Mikanda miwili inavuta kwenda mbele, miwili inavuta kwenda nyuma, imepishana, ili mzigo usiweze kusogea kokote hata gari likisimama ghafla. Kamba za katikati zinabana chini tu. Na popote mkanda unapopita kwenye kingo ya chuma, tumeweka kipande cha tyubu, maana kingo ile inakata mkanda ukiwa unatikisika, polepole, bila wewe kujua. Fundi akashika ncha ya chesisi, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Hilux nzima ikatikisika pamoja nayo. Ndivyo inavyotakiwa.

Mama alitupa mkungu wa ndizi. Tukauweka kwenye miguu ya kijana.

Baada ya Rhotia tukasimama kukagua. Mikanda ya mbele ilikuwa imelegea, tukaibana upya. Mkanda mpya hulegea kilomita za mwanzo mzigo ukitafuta pa kukaa. Asiyesimama mapema atajua akiwa mlimani.

Kisha kushuka. Juu pale penye watalii wakipiga picha za ziwa nilisimama, nikaingiza gia ya pili, nikaiacha humo mpaka chini. Gari lenye mzigo linashuka kwa gia. Breki ni za kugusa na kuachia. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, na zikipata moto hazishiki. Mwendo wetu ulikuwa wa mtu anayekimbia. Magari ya watalii yalitupanga foleni nyuma, nikawa nayapisha kila penye upana, na wengi walipiga honi ya asante. Kona za kushoto ziko ukutani, hazina neno. Kwenye kona za kulia bonde liko wazi, na kivuli cha chesisi kilikuwa kinapita mbele yetu juu ya lami, kinageuka kabla hatujageuka. Hakuna aliyesema kitu kabini. Fundi mkono wake ulikuwa nje ya dirisha, umeshika mkanda, ausikie ukilegea.

Chini, kwenye nyani wa lango la Manyara, nilisimama nikashika rimu za mbele. Za moto, lakini mkono unavumilia. Fundi akaenda akarudi na soda tatu.

Makuyuni hadi Meserani tatizo ni upepo. Tambarare ile haina kizuizi, vumbi linasimama angani, na kila lori likikupita linakusukuma kisha linakuvuta. Nilishika kilomita 50 kwa saa. Kabla ya Kisongo askari wa usalama barabarani alitusimamisha, mama wa makamo, mkali na makini. Alizunguka gari, akavuta mikanda mmoja mmoja, akaomba hati, akasoma namba kwenye karatasi kisha akapanda kwenye tairi kuisoma kwenye chuma, chaki bado ipo. "Baba yangu aliendesha hii kwenye mradi wa maji," akasema. Akatuagiza tusitembee usiku na kitambaa tukiongeze. Kijana akatoa fulana yake nyekundu.

Tumelala Arusha, gari limefungiwa uani kwa Fundi.

Jumapili, Moshi

Tuliondoka alfajiri ili kuvuka mji kabla haujaamka. Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, tukisimama kila baada ya muda kukagua. Mteremko wa Kikafu nao tuliushuka kwa gia ya pili, kwa heshima yote. Nyumbani watu walikuwa hawajatoka kanisani, tukasubiri chai mpaka vijana wa mtaa waliporudi, wakavua mashati ya ibada, wakabeba. Kushusha hakukufika dakika ishirini.

Jumatatu

Uzi tena, kona kwa kona, mimi na Fundi kabla hajapanda basi. Vipimo havijasogea hata milimita moja kutoka vya Ijumaa. Hata kidogo.

Kazi iliyo mbele: kuikwangua yote, kubadilisha ile mikono miwili ya pembeni, kumimina oili ndani ya boksi kupitia matundu yake na kuigeuza geuza hadi ienee kila pembe, ndipo rangi. Ekseli ya nyuma nitaifungua nione shafti zake, kwa sababu za 109 za miaka ile zilikuwa zinakatika zikibebeshwa sana. Kesho asubuhi nakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, na kadi zote mbili na hati ya mtendaji, niulize utaratibu wa kuandikisha mabadiliko ya chesisi. Mabawa mawili bado yako Karatu, mzee ameyafunika turubai. Na kijana mmoja wa vyuma chakavu ameshanipigia: kuna nyingine, fupi, ya inchi 88, upande wa Mbulu, injini ikiwa ndani.